Kasia hupimiwa mpigaji: mimi, pado za njano na bega la kushoto

Siku niliyokubali kwamba bega langu limeharibika sikuwa hata kwenye maji. Nilikuwa kwenye mwendokasi ya Kimara, jioni, imejaa kama kawaida yake, nimesimama katikati, dereva akafunga breki pale Magomeni na mimi nikarusha mkono wa kushoto juu nishike bomba. Mkono ulifika usawa wa sikio ukagoma. Yaani kama mtu kanipigilia msumari juu ya bega, mkono ukashuka wenyewe na mi nikamwangukia mama mmoja aliyepakata kapu lake la nyanya. Akaniuliza "unaumwa mwanangu?" nikamwambia hapana mama, nimeteleza tu. Uongo mtupu. Ile ilikuwa wiki ya sita naumwa, na asubuhi yake nilikuwa nimeogelea mita 2,000, elfu moja kati ya hizo nikiwa na pado mikononi.

Kwa asiyezijua, pado ni vile vibao vya plastiki waogeleaji wanavaa viganjani wakati wa mazoezi, vinashika maji mengi kuliko kiganja kitupu. Kocha wetu anaviita makasia. Mwezi huu peke yake watu watatu wameniuliza wanunue zipi na mmoja wao bega linamuuma tayari, nikaona badala ya kurudia hadithi ile ile kwa voisi noti za dakika nane bora niandike yote, pamoja na pesa nilizopoteza na ujinga nilioufanya.

Mi ni mtoto wa Dar, nimezaliwa Temeke, bahari naiona tangu mdogo, na sikujua kuogelea mpaka nilipofika miaka 36. Tupo wengi. Nilijifunza kwenye bwawa moja la mita 25 Upanga, darasa la watu wazima, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi. Baada ya miaka minne nikawa naweza kuogelea kilomita mbili fristaili (kifudifudi, mkono mmoja baada ya mwingine) bila kusimama, polepole lakini nafika. Tukawa na kikundi cha watu tisa, wakaanza maneno ya kuogelea baharini kutoka kisiwa cha Mbudya mpaka ufukwe wa Kunduchi mwezi Novemba, bahari ikiwa imetulia, na boti pembeni. Nikasema nipo.

Tatizo spidi. Mita 100 nilikuwa natumia dakika mbili na sekunde ishirini na tano, wenzangu wote walikuwa mbele. Leni ya pembeni kuna kijana alikuwa anakuja na pado kubwa, akizivaa anapita kama boti ya Zanzibar, unabaki kwenye mawimbi yake. Nikaangalia video mbili tatu, kila mtu anasema pado zinajenga nguvu za mabega. Rafiki yangu alikuwa anaenda Dubai kuchukua mzigo, nikampa 85,000 nikamwambia niletee pado, chukua kubwa. Hayo ndo maneno yangu. Akaniletea za njano, ngumu, saizi ya juu kabisa, ukiweka kiganja changu katikati plastiki inabaki vidole viwili kila upande. Nilifurahi kama mtoto wa Idi.

(Mjomba wangu ni mvuvi Mafia. Nilipomsimulia baadaye alicheka mpaka akakohoa. Akasema mama, kasia hupimiwa mpigaji, halipimiwi ngalawa. Angeniambia mwezi wa sita ningeokoa hela nyingi sana.)

Sasa niseme ukweli, wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Nilikuwa napiga mikono 24 kwa lepu moja ya mita 25, nikashuka mpaka 18. Unasikia maji mazito mkononi, unavuta, mwili unateleza, unajiona bingwa. Nikabana mpira wa kwenye kifundo cha mkono vizuri zisitoke. Nikaongeza na boya, lile la kubana katikati ya mapaja ili miguu isishuke, sasa miguu imepumzika, kazi yote inafanywa na mikono. Mara ya kwanza mita 400, wiki inayofuata 700, ya tatu elfu. Hakuna mtu aliyeniambia nifanye hivyo. Kocha aliniuliza mara moja tu, "dada, hizo si kubwa?" nikamjibu nimeshazizoea. Nilikuwa na siku kumi nazo.

Ngoja nikupe hesabu ambayo nilipigiwa baadaye na ikanikata maini. Mikono 22 kwa lepu kwa wastani, mita 1,500 ni lepu 60, hiyo ni mikono 1,320, yaani kila bega linazunguka mara 660. Mara tatu kwa wiki ni karibu 2,000. Bega moja. Kwa mtu anayefanya kazi ya kukaa kwenye kompyuta siku nzima mgongo umepinda. Sasa chukua kila mzunguko katika ile elfu mbili uongeze uzito, tena ghafla, tena bila kujua kama mzunguko wenyewe uko sawa.

Dalili zilikuja kwa adabu sana ndo maana nikazidharau. Kwanza bega lilikuwa linalia, ka ka ka, nikinyanyua mkono. Haliumi, linalia tu. Halafu nikaanza kushindwa kulalia upande wa kushoto, naamka saa nane usiku nageuka, naamka tena. Kisha kufunga sidiria kwa nyuma ikawa kazi, nikawa nafungia mbele halafu nazungusha. Kusuka nywele za binti yangu mikono ikiwa juu, dakika tano nashusha napumzika, mtoto analalamika "mama umechoka nini?" Na bwawani je? Bwawani lepu nne za mwanzo linauma, likishapata joto linatulia, nikitoka naona kumbe sijaumia. Hapo ndo watu wengi tunaingia mkenge. Usipime bega ukiwa kwenye maji mwili umechemka, lipime usiku na kesho yake asubuhi unapovaa nguo.

Nikafanya mambo matatu ya kijinga, nayataja kwa mpangilio wa aibu. La kwanza, nikaanza kumeza diklofenaki nusu saa kabla ya kuingia majini. Wiki tatu. Dawa ya maumivu ikizima maumivu haijaponya chochote, imezima kengele tu nyumba inaendelea kuungua, na mimi juu yake nilipata kiungulia ambacho kilichukua mwezi kuisha. La pili nilienda kwa mchuaji, mara tatu, 30,000 kila mara, mara ya mwisho alinivuta mkono nyuma "ili ushipa urudi" na nilitoka machozi pale pale, usiku ule sikulala. La tatu ni hili hapa: nilijiambia bega linauma kwa sababu ni dhaifu, kwa hiyo dawa ni kulijenga, na kinachojenga mabega ni pado. Nikaongeza pado. Ndo nikafika mwendokasi na yule mama wa nyanya.

Hospitali nilienda kesho yake. Eksirei 40,000, kumuona daktari 50,000, mfupa mzima hauna shida. Daktari alinishika bega kama dakika tatu, akasema niache kuogelea, na kama nataka haraka kuna sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe), 150,000. Nikamuuliza niache mpaka lini, akasema mpaka lisiume. Simlaumu, foleni ya wagonjwa ilikuwa mpaka mlangoni, ila jibu la namna hiyo kwa mtu anayependa maji halimsaidii. Nilikaa nje wiki tatu kamili sijagusa maji. Maumivu yakapungua, nikafurahi, nikarudi, nikavaa pado za njano, mita 300 tu, jioni yake nikashindwa kunyanyua sufuria ya maharage. Wiki tatu zote bure. Kupumzika peke yake kunalinyamazisha bega, hakulifundishi kubeba kazi.

Sindano sikuchoma. Wapo waliochoma wakapata nafuu, na mtu asichukue maamuzi yangu akayafanya yake. Mi niliogopa nitapona maumivu bila kujua nilichokosea, nikamtafuta mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi), dada mmoja mpole lakini mkali, 45,000 kwa kipindi, nilienda vipindi nane, laki tatu na sitini. Ndo pesa pekee katika hadithi hii nzima ambayo siijutii.

Alinisimamisha, akaniambia nyanyua mikono yote kwa pembeni taratibu mpaka juu. Chini hakuna kitu, ikifika karibu na usawa wa bega inachoma, ikipita juu inaacha. Akasema hiyo peke yake inamwambia mengi. Akaniambia tena ninyooshe mkono mbele kidogo kwa pembeni, dole gumba linaangalia chini kama namwaga soda kwenye kopo, akaukandamiza. Nikapiga kelele. Dole gumba likiangalia juu, akakandamiza, inauma kidogo tu.

Maelezo yake nayaweka kama nilivyoyaelewa. Bega si kama nyonga. Nyonga ina kikombe kirefu, bega lina kisahani, mpira wa mfupa umekaa juu yake kama yai juu ya kijiko, na kinachoushika usitoke ni misuli minne midogo inayozunguka pale, kazi yake kubwa ni kuuweka mpira katikati wakati misuli mikubwa ya kifua na mgongo inavuta. Mmoja kati ya hiyo minne kano yake inapita chini ya paa la mfupa, kwenye nafasi nyembamba. Ukinyanyua mkono huku umeuzungusha kwa ndani, dole gumba chini, ile kano inabanwa. Mara moja hakuna shida. Mara elfu mbili kwa wiki, na kibao cha plastiki mkononi, kano inachoka kuliko inavyojirudishia. Ni ugonjwa wa waogeleaji kabisa, madaktari wameuandika kwa jina la bega la muogeleaji tangu 1974, si kwamba mi nina mkosi.

Nikamuuliza kwa hiyo pado ndo mbaya? Akasema pado ni kama maikrofoni. Mtu akiimba vizuri itasikika vizuri, akiimba ovyo mtaa mzima utajua. Akaongeza, niletee video ya unavyoogelea.

Tukamwomba kijana wa bwawa ashike simu, dakika mbili, kwa mbele na kwa pembeni. Jamani. Kama hujawahi kujiona ukiogelea usiendelee kusoma, nenda karekodi kwanza. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaingia majini dole gumba likitangulia, halafu unavuka katikati ya kichwa kwenda upande wa kulia, kama nataka kujikuna. Halafu navuta kwa kushusha mkono ulionyooka, kiwiko kimeanguka, nasukuma maji kwenda chini badala ya kuyasukuma nyuma. Na kwa sababu navuta pumzi upande wa kulia tu, kila nikigeuza kichwa mkono wa kushoto ndo ulikuwa mbele, nakandamiza nao maji kama mtu anayeegemea meza ili kichwa kipate hewa. Ndo maana bega la kushoto. La kulia halikuwa na neno. Nilikuwa nasema labda nalilalia vibaya!

Miaka minne naogelea hivyo na bega lilinivumilia. Pado kubwa zilikuja wiki saba tu likasema basi.

Matengenezo yalianza nje ya maji. Mpira wa mazoezi wa dukani ulikuwa ghali, nikakata tyubu ya baiskeli nikaifunga kwenye nondo za dirisha. Kiwiko kimebana ubavuni na kanga iliyokunjwa katikati ya kiwiko na mbavu (kanga ikianguka umekosea), unazungusha mkono kwenda nje taratibu, unarudi taratibu zaidi, mara 15, seti tatu. Halafu kuvuta tyubu kwa nyuma kama unapiga kasia, unabana mabapa ya mgongoni yakutane. Kulala kifudifudi unanyanyua mikono kwa umbo la T halafu Y, mwanzo mitupu, baadaye na chupa za maji za nusu lita. Push-up za ukutani. Ni mazoezi ya kuchosha roho, hakuna jasho, hakuna picha ya kupiga, wiki mbili za kwanza huoni kitu. Wiki ya nne nililalia bega la kushoto usiku mzima, nikaamka asubuhi ndo nikagundua.

Na ndani ya maji hakunitoa, alisema mwili usiotumika unasahau. Alinipunguzia: mita 800, bila pado, bila bataflai (ule mtindo wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja). Hapa kuna kitu kimoja hakuna aliyewahi kuniambia. Mi nilidhani siku bega linauma unachukua kile kibao cha kushikilia mbele unapiga miguu tu, unapumzisha mikono. Kumbe ukikishika huku mikono imenyooka mbele na kichwa nje, bega liko kwenye ule ule mkao wa kubanwa, na unaliegemea. Kilikuwa kinaniumiza kuliko fristaili yenyewe. Nikawa napiga miguu chali, mikono ubavuni, naangalia dari.

Kwenye mkono tulibadilisha vitu vitatu tu, kimoja kimoja. Mkono uingie mbele ya bega lake, si mbele ya pua. Viingie vidole vya katikati kwanza, kiganja kinaangalia chini. Na baada ya kuingia usikimbilie kuvuta, kunja kiwiko kwanza, kiganja na mkono kuanzia kiwiko viangalie ukuta ulikotoka, ndo uvute. Kuzoea hiki cha tatu nilipewa zoezi la kuogelea ngumi zimefungwa. Unaogelea lepu mbili kwa ngumi huendi popote, unapigana na maji, halafu unafungua viganja lepu ya tatu na unasikia kiganja chako ni kikubwa kama sinia. Nilicheka ndani ya maji nikanywa klorini. Miezi yote ile natafuta kiganja kikubwa Dubai. Kupumua nikajifunza pande zote mbili, kila baada ya mikono mitatu, hii ilinichukua muda mrefu kuliko kila kitu na mpaka leo kushoto navuta hewa nusu na maji nusu.

Novemba ilipofika wenzangu wakavuka kutoka Mbudya. Mi nilikuwa kwenye boti, nashika maji ya kunywa na ndizi. Kuna saa nilivaa miwani ya jua bila jua kuwa kali.

Pado nilirudia mwezi wa pili, baada ya kukaa wiki nne mfululizo bila maumivu ya usiku na mtaalamu akanikandamiza tena ule mkono wa kumwaga soda nikawa namwangalia tu. Na safari hii nilichagua kama mtu mwenye akili.

Saizi inafuata kiganja, si ubavu wala hamu. Weka kiganja juu ya pado vidole vikiwa pamoja, plastiki ikizidi kwa upana wa nusu kidole hivi kila upande inatosha kabisa kwa mtu mwenye historia ya bega. Rangi haina maana, kila kampuni na mpango wake, ya njano ya huku ni kubwa ya kule ni ndogo, kwa hiyo usimwagize mtu kwa rangi na usimwagize mtu "kubwa". Mchoree kiganja chako kwenye karatasi umpe aende nayo, mi nilifanya hivyo na muuzaji alicheka ila alileta saizi yenyewe. Zenye matundu zinapitisha maji kidogo, zinapunguza uzito. Kuna ndogo kabisa za vidole tu, zinafunika vidole na kuacha kiganja wazi, kama bega lako bado lina wasiwasi anzia hizo. Na kuna zisizo na mipira kabisa, kama zile za Finis wanaziita Agility, dole gumba linapita kwenye tundu na maji ndo yanazishikilia. Mkono ukiingia vibaya zinatoka, zinazama au zinaelea zinakuaibisha mbele za watu. Mi nilichukua ndogo za kawaida, 70,000.

Kama zako zina mipira miwili, wa kifundo cha mkono utoe. Leo. Ubaki wa kidole cha kati peke yake, tena usiubane sana. Mimi ule mpira niliubana ili pado zisinitoke, kumbe kutoka kwake ndo taarifa yenyewe. Mkono ukivuka katikati, pado inayumba. Ukiingiza dole gumba kwanza, maji yanaibandua. Ukiweka mpira wa kifundo umemfunga shahidi mdomo, na bega ndo linalipa faini. Siku ya kwanza bila mpira, pado ya kushoto ilinitoka mara saba kwenye lepu nne. Ya kulia mara moja.

Kiasi: nilianza mita 100 tu, lepu nne za mita 25, napumzika sekunde 30 kila lepu, mara moja kwa wiki. Wiki ya pili mara mbili. Nikaongeza mita 50 kwa wiki, na wiki moja bega lilinung'unika nikarudi nyuma bila aibu. Sasa hivi sizidi mita 400 katika mita 2,000, kama sehemu moja ya tano, na sina mpango wa kuzidi. Nazivaa katikati ya mazoezi, mwili umeshapata moto lakini haujachoka, maana ukichoka kiwiko kinaanguka na pado inaanza kuvuta bega badala ya bega kuvuta pado. Boya na pado pamoja bado nimeviweka mbali, nikitaka kuzisaidia pado navaa mapezi miguuni, miguu inasukuma, mwili unaenda, mzigo wa bega unapungua. Baharini sivai. Leni ikijaa pia sivai, ile plastiki ikimpata mwenzio kwenye vidole mtakosana.

Kuhusu maumivu nilipewa kanuni ambayo naitumia mpaka kwenye kufua. Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yakiwa mbili au tatu na kesho asubuhi yameisha, endelea. Yakizidi hapo, au yakabaki mpaka kesho yake, punguza. Yakiwa ya kuchoma ghafla kama kisu, vua pado hapo hapo, usimalize lepu, hakuna anayekuhesabia. Na kama mkono umepoteza nguvu, hauwezi kunyanyuka baada ya kuanguka au kuvutwa, au una ganzi inayoshuka mpaka vidoleni, hiyo si ya kusoma kwenye simu, nenda hospitali.

Kuna kaka mmoja alinibishia kwamba watoto wa Coco Beach wanaogelea na kandambili mikononi na hawajawahi kuumwa. Kweli wanafanya, nimewaona. Ila wana miaka kumi, wanacheza dakika tano wanazirushiana, na hakuna hata mmoja wao anayekaa kwenye kiti cha ofisi masaa tisa halafu anataka kuwahi Mbudya.

Hesabu ya jumla kwa wanaopenda namba: pado za njano 85,000, mchuaji 90,000, eksirei na daktari 90,000, fiziotherapia 360,000, pado ndogo 70,000. Laki sita na tisini na tano elfu. Ada ya bwawa niliyolipa bila kwenda sijaiweka. Diklofenaki na dawa za kiungulia sijaziweka. Mita 100 sasa nafanya dakika mbili na sekunde kumi na mbili bila pado, na ninavyoona sekunde nyingi zimetoka kwenye zile ngumi na ule mkono kuacha kuvuka, si kwenye plastiki.

Zile za njano nilijaribu kumuuzia yule kijana wa leni ya pembeni, akasema anazo. Kumpa mtu mwenye bega kama langu roho ilikataa. Ziko jikoni, binti anapepelea jiko la mkaa, moja imeshayeyuka ncha kidogo. Inatoa upepo huo, chapati hazichelewi.